Mkaguzi wa Vikombe

Barua ilipofika,
mama alishereheka,
kwa wino wameandika:
Somoe ni Mkaguzi.

Halua akagawia
majirani wote pia,
Mkomani wakajua
Somoe kapanda ngazi.

Mkaguzi wa hesabu,
Daraja Tatu, ajabu!
miaka saba ya tabu
na karo hadi majuzi.

Siku ya kwanza ofisi,
nimevaa kwa kiasi,
kalamu tatu nyeusi,
mkoba nao wa ngozi.

Bwana Famau, mkuu,
macho hayakuja juu,
akasema, "Mjukuu,
chai, tia tangawizi."

Nikatia. Ni ugeni.
Nilisema kimoyoni:
chai moja kitu gani?
kesho nitaanza kazi.

Kesho, mtungi wa gesi
wa nyumbani kwake bosi;
punda akashika kasi,
mimi nyuma, kama mwizi.

Keshokutwa: panga viti,
mgeni yuaja, ati,
na nimshikie koti,
nisimame mapokezi.

Mtondo, mtondogoo,
tambi, kaimati, loo!
kuna dobi, kuna ndoo,
na kuchagua viazi.

"Somoe, wajua bei,
hakuna akulaghai,
kanunue na mayai,
huo pia ukaguzi!"

Tuliajiriwa sawa
mimi na Shee; akapewa
dirisha, feni na hewa,
hajatumwa kwa viazi.

Mafaili yamelala,
vumbi limeyatawala,
mende wafanya chakula
risiti za kila mwezi.

Mama huniulizia:
"Kazini wakutumia?"
Najibu, "Wanitumia,
tena bila kizuizi."

Kisha akaja ugua
mtu nisiyemjua
ila kwa kumsikia:
Dhahabu, ni mfagizi.

Famau hakuniita.
Ufagio nimekuta
mezani, umejikita
kwenye mkoba wa ngozi.

Hapo moyo ulichacha,
nikataka kuiacha
kazi, nikavunja kucha
kwa hasira ya mjuzi.

Kisha deni nikawaza.
Mgongo nikaulaza.
Chumba kimoja, cha giza,
kikawa chini ya ngazi.

Humo ndoo na sabuni,
leso iko ukutani,
na kitabu cha kijani
kilichofungwa kwa uzi.

Nikakifungua pole:
ushuru wa siku zile,
boriti, ndizi, mchele,
magunia ya mbaazi.

Kila kitu na tarehe,
mwandiko bila sherehe,
kilichopungua — ehe! —
amekiandika wazi.

Miaka kumi na mbili
akiokota faili
jaani; na kwa akili
kaifanya yangu kazi,

bila barua, muhuri,
bila mtu kukariri
jina lake na kukiri
kuwa yeye mkaguzi.

Nikaketi kwenye ndoo,
nikasoma kwa kituo,
nikaona vile vyeo
vilivyo kama mavazi:

mwingine huvaa refu
likaburuta uchafu,
mwingine, mja dhaifu,
hata magoti ni wazi.

Sisemi nilitulia.
Ufagio nachukia,
na chai nikiitia
huzidisha tangawizi.

Ila siku ya hesabu,
wakubwa wataka jibu,
Famau hana kitabu,
kapigwa na bumbuwazi.

Kitabu nikakitoa,
uzi nikaufungua,
wakauliza, "Wajua
huyu mtu, mkaguzi?"

Nikajibu, "Yuko wodi,
akipona atarudi;
nanyi mkapige hodi:
ofisi, chini ya ngazi."

Wakaona ni mzaha,
wakacheka kwa furaha,
wakanywa soda ya raha,
wakamaliza mandazi.

Jioni nikamwendea
na chupa ya uji pia,
kisa nikamwelezea,
hakutokwa na machozi.

Aliniuliza moja:
"Zile nazi mia moja
uliona zina hoja?
Hapo ndipo pana mwizi."

Kesho, Famau kaita,
sauti imejikata,
kiti kwangu akavuta:
"Chai... bila tangawizi."